Mnamjua Huyo Casanova Mnayejiita?



Juzi nilipanda tuktuk Marikiti nikirudi nyumbani Kibokoni. Nyuma ya tuktuk ile jina limeandikwa kwa rangi nyekundu, herufi kubwa kubwa: CASANOVA. Dereva ni kijana wa mtaani. Mamake namjua, na marehemu babake nilimjua, kwa hivyo huniita ami. Nikamuuliza huyo Casanova ni nani. Akacheka, akanambia ni jamaa mmoja wa filamu, Mzungu aliyependwa na wanawake wote wa mji wake, akawachezea askari shere na mwisho akampata mrembo kuliko wote. Nikamuuliza kama ni mtu wa kweli. Akanambia ni hadithi tu, ami.

Nilimwambia kuwa mtu huyo aliishi, akafa, na akaacha maisha yake ameyaandika kwa mkono wake. Lakini tuktuk si mahali pa kusimulia maisha ya mtu, na safari yenyewe ilikuwa fupi. Nikamuahidi kuwa nitamwandikia. Basi makala haya ni yake, na ni ya wenzake wote waliolivaa jina hili kama kilemba.

Filamu anayoizungumzia naijua. Ilitoka mwaka 2005, mwongozaji wake ni Lasse Hallström wa Sweden, na aliyeigiza Casanova ni Heath Ledger, ambaye naye alifariki 2008 akiwa na miaka 28. Ilipigwa Venice kwenyewe, na wallahi inachekesha. Mambo yake yanatokea mwaka 1753. Casanova anaruka madirishani, anawakimbia wakubwa wa kanisa, anajipa majina ya watu wengine, kisha anampenda msichana msomi anayeitwa Francesca Bruni, ambaye huandika vitabu kwa siri kwa jina la mwanamume. Francesca ndiye anayemtuliza. Filamu inapokwisha kila mtu ana wake, hakuna aliyeumia, na wapenzi wanaondoka zao wakicheka.

Francesca Bruni hakuwahi kuwako, ametungwa. Lakini Casanova wa kweli naye alikuwa na Francesca wake. Nitamfikia mwisho wa makala haya, kwa sababu hata yeye mwenyewe Casanova alimfikia mwisho.

Giacomo Casanova alizaliwa Venice tarehe 2 Aprili 1725. Wakati huo Venice ilikuwa jamhuri yenye kujitawala, mji uliojengwa juu ya visiwa, na maji ndiyo barabara zake. Aliyewahi kupita vichochoro vya Lamu, ambapo nyumba zimekaribiana hadi majirani wanaweza kupeana chumvi dirishani, hatashindwa kuupata picha yake akilini. Zamani ulikuwa mji wenye nguvu za biashara. Alipozaliwa Casanova nguvu zilikuwa zimepungua na anasa zimezidi. Kila mwaka kulikuwa na msimu mrefu wa sherehe ambapo watu walitembea wamevaa vinyago usoni, tajiri na maskini wasijulikane.

Wazazi wake, Gaetano na Zanetta, walikuwa waigizaji, kazi ambayo watu walilipa kuitazama na papo hapo wakaidharau. Babake alifariki Giacomo akiwa na miaka minane tu. Mamake alikuwa mzuri wa sura na mwenye kipaji, akawa yuazunguka Ulaya na kazi yake, mwisho akakaa Dresden. Watoto walilelewa na nyanya yao, Marzia. Giacomo alikuwa mtoto mgonjwa, akitokwa na damu puani kila mara, na watu walimwona kama zuzu. Nyanya alimpeleka kwa mganga wa kike kisiwa cha Murano, kile kinachotengeneza vioo. Shanga za Venice za vioo zilikuja kuuzwa mpaka pwani yetu hii. Huko mtoto akafungiwa ndani ya sanduku, akafukizwa, akasomewa maneno, kisha akarudishwa nyumbani.

Siku aliyotimiza miaka tisa mamake alimpeleka mji wa Padua, akamlipia malazi ya miezi sita kwa mwanamke mmoja mwenye kupangisha, akamwacha hapo. Njaa ilikuwa yake, chawa wake na panya wake. Alipoiandika siku hiyo akiwa mzee wa zaidi ya miaka 60, bado aliiona kuwa ndiyo siku watu wake walipoondokana naye. Simtetei. Lakini mtu akikueleza maisha ya mwanamume aliyekimbia kila nyumba iliyomfungulia mlango, ni haki ujue kuwa mlango wa kwanza alifungiwa yeye.

Akili alikuwa nazo, tena nyingi. Mwalimu wake, padri Gozzi, alimchukua kwake, akamfundisha masomo na kupiga fidla. Kwa maelezo yake mwenyewe aliingia chuo kikuu cha Padua akiwa bado mtoto, akasoma sheria. Familia ilitaka awe padri, akaanza njia hiyo. Hotuba yake ya kwanza kanisani San Samuele ilipendeza. Ya pili alipanda mimbari baada ya kula na kunywa akavimbiwa, maneno yakampotea, akaanguka, akatolewa nje. Upadri ukaishia humo. Akajaribu ukarani kwa kadinali mmoja Roma, akafukuzwa. Akavaa nguo za jeshi, akapanda meli.

Meli hiyo ilimfikisha Istanbul, na hapa pana kisa ambacho wengi hawakijui. Alikuwa na umri kama wa miaka 20. Alibeba barua ya kumtambulisha kwa Ahmed Pasha, Mfaransa wa ukoo mkubwa aliyesilimu na kupewa kazi ya kuwafunza mizinga askari wa Sultani. Kupitia kwake akajuana na mzee mmoja tajiri, mtu wa busara, aitwaye Yusuf Ali. Walikaa wakizungumza dini na maisha siku baada ya siku. Kwa kadiri Casanova anavyosimulia, mzee yule alimpenda hadi akamtaka awe mkwewe. Masharti yalikuwa asilimu, ajifunze Kituruki na dini, ndipo amuoe bintiye, Zelmi, na mali aikute. Hakutakiwa kuficha kitu wala kuruka dirisha. Aliambiwa aingie kwa mlango wa mbele, kwa ndoa.

Casanova alikataa, na sababu aliyoitoa haikuwa ya dini. Hakutaka kuiacha tamaa ya kuwa mtu mashuhuri kwao Ulaya. Ukipenda, ichukue hiyo kuwa ndiyo ramani ya maisha yake yote. Kila alipopewa mahali pa kukaa, alitazama nje.

Akarudi Venice mikono mitupu, akawa mpiga fidla wa ukumbi wa michezo. Usiku mmoja wa mwaka 1746, akitoka kupiga fidla harusini, seneta mmoja mzee aitwaye Matteo Bragadin alimpa nafasi kwenye mashua yake. Njiani mzee akapatwa na kiharusi. Tabibu alimbandika dawa ya zebaki kifuani, na mzee akazidi kuzorota. Casanova, ambaye hakusomea utabibu, aliibandua dawa ile kwa mkono wake na kumuosha. Mzee akapona. Pale angeweza kushukuriwa na mambo yakaisha. Badala yake akamwambia seneta na rafiki zake kuwa ana elimu ya siri, aweza kuuliza jambo lolote kwa hesabu za nambari na akajibiwa. Sisi tungesema alijifanya mpiga ramli. Wazee wale wakamwamini. Bragadin, ambaye hakuwa na mtoto, alimfanya mwana wake, akampa nyumba na posho ya kila mwezi. Mzee huyo alimpenda mpaka siku ya kufa kwake, na Casanova naye alimpenda. Lakini msingi wa mapenzi yale ulikuwa uongo, na hakuwahi kumwambia ukweli.

Sasa tufike mwaka 1753, mwaka ule ule wa filamu. Kweli Casanova alikuwa Venice mwaka huo. Akajuana na Caterina Capretta, mtoto wa mfanyabiashara, msichana mdogo ambaye leo sheria ingemwita mtoto na ingemfunga mwanamume. Alimuahidi ndoa. Bragadin akapeleka posa kwa babake, mzee akakataa, akampeleka bintiye kwenye nyumba ya watawa huko Murano. Casanova anaeleza mwenyewe yaliyofuata. Msichana alikuwa mja mzito tayari. Mimba ikatoka humo ndani, akavuja damu siku kadhaa, akakaribia kufa, na nguo zenye damu zikawa zinatolewa kwa siri na mama mmoja aliyewabebea barua. Casanova aliteseka kwa hofu, hilo analiandika wazi. Msichana alipopona, yeye akaanza uhusiano na mtawa mwingine wa nyumba ile ile.

Mwaka huo huo, mji huo huo. Mtengeneza filamu aliuchagua akapata kichekesho.

Serikali ya Venice ilikuwa na majasusi kila pembe, na mmoja wao alikuwa akimfuata Casanova, akiandika vitabu vya uchawi alivyonavyo na maneno anayosema juu ya dini. Julai 1755 akakamatwa. Hakusomewa shtaka wala kuambiwa kifungo chake ni cha miaka mingapi. Akatiwa vyumba vilivyo juu kabisa ya jumba la mtawala, chini ya paa la mabamba ya risasi, ile madini nzito. Kiangazi paa lile huwaka kama tanuri. Casanova alikuwa mrefu, na dari ilikuwa fupi hata hakuweza kusimama wima.

Kutoroka kwake ndiko kulikomfanya ajulikane Ulaya nzima. Aliokota kipande cha chuma, akakinoa kwenye jiwe kwa siku nyingi, akatoboa sakafu chini ya kitanda chake. Shimo lilipokaribia kwisha, mlinzi akaja kwa furaha kumwambia amehamishiwa chumba kizuri zaidi chenye hewa. Fikiria! Mlinzi alipoliona shimo akawaka. Casanova akamwambia kwamba akilitoa nje jambo hilo, yeye atasema vyombo alipewa na mlinzi mwenyewe. Mlinzi akanyamaza. Katika chumba kipya akawasiliana na padri mfungwa, Balbi, aliyefungwa juu yake. Chuma kile alimpelekea ndani ya Biblia kubwa, na juu ya Biblia akaweka sahani ya makaroni yaliyojaa siagi, ili mlinzi anayebeba ashughulike na siagi isimwagike, asiangalie kilichomo kitabuni. Usiku wa kuamkia 1 Novemba 1756 wakapanda paani, wakateleza juu ya yale mabamba, wakaingia kwa dirisha la juu, wakashuka vyumba kwa vyumba. Asubuhi mlinzi wa mlango alipofungua, wakatoka wakitembea, wakapanda mashua, wakapotea.

Hapo nampa haki yake. Ujasiri ule na akili ile ni vya kusimuliwa. Angeutumia ujasiri huo kwa jambo lolote lingine, pengine leo tungemtaja kwa kheri.

Aliingia Paris Januari 1757. Mwaka mmoja baadaye alikuwa tajiri, na utajiri ulitokana na kamari. Serikali ya Ufaransa ilihitaji fedha za chuo cha jeshi, naye akiwa pamoja na ndugu wawili wa Kiitalia, Calzabigi, akaitetea bahati nasibu mbele ya wakubwa. Nambari 90 zinatiwa ndani, tano zinatolewa, na hesabu imepangwa hivi kwamba mchezaji mmoja mmoja aweza kushinda lakini mwenye mchezo hashindwi kwa jumla. Casanova akapewa ofisi za kuuzia tikiti. Vijana wetu wanaokesha kwenye simu wakiweka mikeka wajue kuwa hesabu hiyo ni ya zamani, na haijabadilika.

Utajiri ule haukukaa. Akafungua kiwanda cha kupiga chapa hariri, akaajiri wasichana wapatao 20, akawahangaikia wasichana kuliko hariri, kiwanda kikaanguka. Akamlaghai bibi mmoja mzee wa ukoo bora, Marquise d'Urfé, aliyeamini kuwa kwa elimu ya siri aweza kuzaliwa upya akiwa mtoto wa kiume. Miaka kadhaa Casanova alimlisha ndoto hiyo na kula mali yake. Akajipa cheo cha ubwana ambacho hakuna mfalme aliyempa. Akazunguka: Uholanzi, Ujerumani, Uswisi, Italia, Uingereza, Urusi, Poland, Uhispania. Alizungumza na Voltaire, akaonana na Frederick wa Prussia na Catherine wa Urusi. Huko Warsaw alipigana kwa bastola na mkubwa mmoja, Branicki, wote wakajeruhiwa.

Na wanawake? Waliohesabu kitabuni mwake wamepata mia moja na ushei. Wengine walimpenda na yeye akawapenda, hasa Mfaransa mmoja anayemwita Henriette, aliyekaa naye miezi michache kisha akamuaga kwa heshima na kurudi kwao. Katika wote, huyo ndiye aliyemliza. Lakini wengine alilipa. Wengine walikuwa wadogo mno. Urusi alimnunua msichana wa kijijini kwa babake kwa rubo 100, na akaliandika jambo hilo kama mtu anayeandika alivyonunua farasi. Magonjwa ya zinaa yalimpata tena na tena tangu ujanani, akitibiwa na kuugua tena. Mambo haya hayamo kwenye filamu, na hayamo nyuma ya tuktuk.

Kisa kimoja ndicho kilichoninyima usingizi. Mwaka 1761 Casanova alifika Naples, akampenda msichana aitwaye Leonilda, akaamua safari hii ataoa kweli. Mambo ya ndoa yakapangwa, akaitwa mama wa msichana aje. Mama alipoingia na kumwona bwana harusi, akapiga ukelele. Alikuwa Lucrezia, mwanamke aliyekuwa na Casanova Roma miaka 17 nyuma. Leonilda alikuwa binti yake mwenyewe, damu yake. Ndoa ikavunjwa usiku ule.

Wazee wetu waliposisitiza nasaba, kujua huyu ni mwana wa nani na yule ni mjukuu wa nani, sisi vijana tuliona ni maneno ya kupoteza wakati barazani. Soma kisa cha Naples kisha uniambie.

Mji uliomvunja ni London. Mwaka 1763, akiwa na miaka 38, alimpenda msichana mmoja aitwaye Marianne Charpillon, naye pamoja na jamaa zake wakamchezea kama yeye alivyowachezea wengine. Walimkamua pesa, wakamuahidi leo na kumkatalia kesho. Casanova alijaza vipande vya risasi mifukoni, akaenda mto Thames kujitosa. Rafiki mmoja alikutana naye darajani akamvuta kwa maneno mpaka hoteli. Casanova mwenyewe aliuhesabu wakati huo kuwa ndipo alipoanza kufa. Tangu hapo kila mji alioingia alikuwa na pesa kidogo kuliko mji uliopita.

Mwaka 1774, baada ya miaka 18 ya uhamishoni, Venice ilimruhusu arudi. Bragadin alikuwa ameshakufa. Yule aliyefungwa kwa ripoti za majasusi sasa akawa jasusi, akiwaandikia wakubwa wale wale waliomfunga, kwa jina la uongo, juu ya watu wanaosoma vitabu vibaya na wanawake wasio na adabu. Malipo yalikuwa kidogo.

Na hapa ndipo anapoingia Francesca wa kweli.

Jina lake Francesca Buschini. Alikuwa mshoni, mwanamke wa hali ya chini, akiishi na mamake na nduguze. Casanova alipanga nyumba ndogo akakaa nao. Hakuna dirisha lililorukwa wala kinyago kilichovaliwa. Alikuwa mzee mwenye alama za ndui usoni na meno yanayomtoka, na mwanamke anayemshonea shati na kumpikia. Kati ya watu wote aliowajua, Francesca ndiye aliyepata Casanova aliyebaki baada ya wengine kumaliza.

Mwaka 1782 Casanova aligombana na bwana mmoja mkubwa juu ya pesa, akatoa kijitabu cha kejeli kumtukana yeye na koo kubwa za Venice. Ikambidi aondoke mji, na safari hii hakurudi tena kuishi. Francesca akabaki. Barua zake kwa Casanova zimehifadhiwa, kwa sababu zilikutwa katika karatasi zake. Ameziandika kwa lugha ya mtaani, tahajia zikimshinda, na yaliyomo ni yale ambayo kila mama wa mtaa wetu anayajua. Amemshukuru kwa pesa kidogo alizotuma. Amemwambia hali ni ngumu, kodi haijalipwa. Mwisho alilazimika kuviuza vitabu alivyoachiwa na Casanova, na nyumba ikaenda. Hakumtukana. Aliendelea kumwombea afya na kumuuliza atarudi lini.

Casanova alipata kazi yake ya mwisho 1785, mkutubi wa Kaunti Waldstein katika kasri la Dux, huko Bohemia, nchi ambayo leo ni Czech. Malipo florini 1,000 kwa mwaka na chakula. Kaunti alimheshimu, lakini mara nyingi hakuwepo, na watumishi walimfanya mchezo. Kila siku kulikuwa na ugomvi: kahawa yake, maziwa yake, sahani yake ya makaroni. Walicheka Kifaransa chake, nguo zake za zamani, na namna yake ya kusujudu akiingia chumbani, ambayo alifundishwa miaka 60 nyuma. Akawaandikia barua za hasira. Hakuwa na mke wa kumtuliza, na watoto aliowazaa hawakuwa naye.

Katika upweke huo akaandika. Saa nyingi kwa siku, kwa Kifaransa, kurasa zipatazo 3,700, na hakufika mwisho. Hadithi yake inakatika mwaka 1774, kabla hajarudi Venice. Maana yake Francesca hayumo. Kurasa 3,700 za mapenzi, na aliyemshonea mashati uzeeni hakufikiwa na wino.

Alifariki 4 Juni 1798, akiwa na miaka 73, mbali na maji ya kwao. Mwaka mmoja kabla, jamhuri ya Venice ilikuwa imeangushwa na Napoleon, basi hata mji aliotaka kurudi haukuwapo tena kama alivyoujua. Kitabu chake kilirithiwa, kikauzwa, kikachapishwa kimekatwakatwa, kikanusurika vita vikuu, na mwaka 2010 maktaba ya taifa ya Ufaransa iliununua muswada wenyewe kwa zaidi ya yuro milioni saba. Sina hakika kama kodi ya Francesca ingemaliza hata senti ya fedha hizo.

Sasa nirudi kwetu. Barazani petu, miaka ya ujana wangu, tulikuwa na Casanova wetu. Jina simtaji. Alikuwa mcheshi, anavaa vizuri, na kila wiki alikuja na kisa kipya. Sisi tulicheka. Nakiri, mimi nilicheka kuliko wengine, na wakati mwingine nilimlipia kahawa ili aendelee kusimulia. Hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza yule msichana wa kisa cha wiki iliyopita yuko wapi. Leo jamaa huyo ana miaka hamsini na kitu, amepanga chumba kimoja, anaugua sukari, na anayempelekea chakula ni dada yake. Ana watoto mjini humu, wawili nawajua kwa sura. Wakimpita njiani hawamwamkii, kwa sababu hawajui wamuite nani. Mama zao waliwalea kwa kukaanga mahamri na viazi karai, na hakuna aliyewapa jina la sifa.

Sisi wanaume tuliokaa pale barazani tuna sehemu yetu ya lawama. Msichana akiponzwa, mtaa mzima unamjua kabla ya magharibi. Mvulana aliyemponza anapewa jina la filamu, na sisi ndio tunaompa. Mwenye kusifiwa kwa jambo ataacha vipi?

Kijana wangu wa tuktuk, sikuandiki haya nikufedheheshe. Wewe ni mchapa kazi, mamako unamtunza, na jina hilo uliliandika kwa kupenda utani. Libakishe au lifute, rangi ni yako na tuktuk ni yako. Ninalotaka ni kuwa ukiulizwa tena Casanova ni nani, usiseme ni hadithi. Sema alikuwa mtoto aliyeachwa akiwa na miaka tisa, akawa mtu mwenye akili kuliko wengi, akapewa mlango wa mbele akaukataa, na akafa akigombania makaroni. Na abiria akikuuliza juu ya Francesca, mwambie wa filamu aliondoka na mpenzi wake akicheka. Wa kweli alibaki na kodi ya nyumba.